Si Kila Tumbo la Mzee ni Vidonda

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, mzee anaposema kuwa tumbo linamsumbua, jibu huwa limekwisha kutayarishwa kabla hajamaliza kusema. Ni vidonda. Ataambiwa hivyo na mwanawe, ataambiwa hivyo na muuza duka la dawa, na mara nyingi ataambiwa hivyo hata katika kituo cha afya, ambako atapewa vidonge vya kupunguza asidi na kuonywa aache pilipili na ndimu. Aghalabu jibu hilo huwa ni la kweli. Leo tunapenda kuzungumzia zile nyakati chache ambazo si la kweli, kwa kuwa ndani ya uchache huo wamo wazee wetu wanaopoteza miezi wasiyokuwa nayo.

Saratani ya tumbo, na hapa tuna maana ya mfuko unaopokea chakula wala si tumbo zima, si ugonjwa mdogo duniani. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 peke yake walipatikana wagonjwa wapya karibu 970,000, na waliokufa walifikia kiasi cha 660,000. Lakini ndani ya jina hilo moja mna maradhi ya tabia mbalimbali. Mwaka 1965 mtaalamu wa Finland, Pekka Laurén, aliyagawa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza hufanya uvimbe au kidonda chenye kuonekana, huchukua miaka mingi kujijenga, na ndilo linalowapata zaidi watu wa umri mkubwa. Fungu la pili halifanyi uvimbe. Seli zake zimepoteza ile gundi inayozishikamanisha seli za kawaida, kwa hiyo hutawanyika moja moja ndani ya ukuta wa tumbo. Kila aliyeishi katika nyumba za Mji Mkongwe anajua jinsi unyevu wa chumvi unavyopanda ndani ya ukuta wa mawe na chokaa: nje rangi ingali nzima, na ndani mmekwisha kuliwa.

Chini ya darubini nyingi ya seli hizo hufanana na pete ya muhuri, kwa sababu ute hujaa ndani yake na kukisukuma kiini pembeni, kikakaa kama kito juu ya pete. Zinapoukamata sehemu kubwa ya mfuko, ukuta wake hunenepa na kuwa mgumu, na tumbo huacha kupanuka. Daktari wa Kiingereza William Brinton aliueleza ugonjwa huu mwaka 1859 na kuuita linitisi plastika, jina lililotokana na kitani, kwa kuwa ukuta uliokatwa ulionekana kuwa na nyuzi nyeupe mithili ya nguo hiyo. Madaktari waliokuja baadaye walilifananisha tumbo la namna hii na chupa ya ngozi. Sisi tunalo neno letu la kale linalofaa zaidi, nalo ni kiriba. Ila kiriba kizima hupanuka kikitiwa maji, na hiki ni kiriba kilichoachwa juani kikakauka.

Ugonjwa huu ni wa nadra, na hapana haja ya kumtia hofu kila mwenye kiungulia. Tena aina hii ya kutawanyika hujulikana sana kwa watu ambao hawajafikia uzee. Kwa hiyo mzee anapoupata, hakuna anayeutazamia. Wala isidhaniwe kuwa hii ni habari ya nchi za mbali. Mwaka 1988 mtaalamu J. N. Kitinya, akishirikiana na Laurén huyo huyo na wenzao, alichapisha utafiti juu ya aina hizi mbili katika eneo la Mlima Kilimanjaro, hapa hapa Tanzania.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye miaka 76, mkulima wa mikarafuu wa kisiwani Pemba. Hatumsemi mtu maalumu. Mwendo wa maradhi haya ndivyo ulivyo. Jambo la kwanza si maumivu. Mzee hukaa kwenye sinia pamoja na wenzake, akala tonge tatu nne, kisha akasema ameshiba. Hadanganyi, wala hajikazi. Tumbo la mtu mzima hupokea lita moja na zaidi bila ya taabu, lakini lake limebaki kama bomba, na tonge nne zimelijaza. Mkewe hudhani kuwa chakula hakikumpendeza. Ukiingia mwezi wa Ramadhani hakuna anayegundua lolote, kwa kuwa kila mtu amefunga, na mzee mwenyewe husema mwili umeshazoea. Baada ya Idi kikoi kinamzunguka mara mbili na kanzu inampwaya mabegani. Hapo jamaa husema ni uzee, na neno hilo likishatamkwa hakuna tena anayeuliza.

Hatuwalaumu jamaa. Lakini uzee peke yake haumwondolei mtu kilo nane katika miezi minne, na kama nyumbani hamna mizani, katika kituo cha afya imo. Tunathubutu kusema kuwa mizani ndiyo chombo kinachodharauliwa kuliko vyote katika utibabu wetu. Mtoto mchanga hupimwa uzito kila aletwapo na namba ikaandikwa kwenye kadi yake. Mzee huulizwa anaumwa wapi, akapewa cheti cha dawa, akaenda zake.

Kisha huja vidonge. Dawa za kupunguza asidi ni dawa nzuri na zimewaokoa wengi, lakini zina hila moja ambayo kila mwenye kuzigawa hana budi kuijua. Hata saratani iliyochimba kidonda huweza kutulia kwa muda asidi inapopungua. Maumivu hupoa, mzee hushukuru, na wiki sita au nane hupita. Yanaporudi, hupewa vidonge vile vile, safari hii vya mwezi mzima.

Mtego mwingine ni mkubwa zaidi, kwa sababu huja na karatasi ya maabara. Mwaka 1982 mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waliweza kumkuza bakteria anayeishi ndani ya tumbo, ambaye leo huitwa Helikobakta pilori. Walionyesha kuwa yeye ndiye chanzo cha vidonda vingi, jambo ambalo wakati ule lilipingwa vikali, hata Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao ili kuthibitisha kauli yake. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli. Kabla ya hapo, mwaka 1994, bakteria huyo alikwisha kuwekwa katika orodha ya visababishi vya saratani. Ugunduzi huo ni wa heri na matibabu yake hayana budi yaendelee. Lakini bakteria huyu wamo naye watu wengi mno katika Afrika, na walio wengi wao hawapati saratani maisha yao yote. Kumkuta ndani ya tumbo la mzee wa Pemba, kwa hiyo, ni sawa na kumkuta samaki baharini. Mzee anayepungua mwili akapimwa choo, akaonekana anaye, akapewa dawa za wiki mbili, hajajulikana bado anaumwa nini. Amepatikana na kitu ambacho huenda amekuwa nacho tangu utotoni. Karatasi ile huwatuliza watu wote, daktari na jamaa, katika wakati ambao haikupasa mtu yeyote atulie.

Tutaulizwa juu ya chakula, maana kila inapotajwa saratani watu hutafuta chakula cha kukilaumu. Ni kweli kuwa vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi huongeza hatari ya saratani ya tumbo, na wapenzi wa ng'onda na papa wa chumvi wangefanya vyema kuvipunguza. Lakini uhusiano huo umeonekana zaidi katika lile fungu la kwanza. Aina hii ya kiriba humpata aliyekula chumvi na asiyekula, na mzee wa watu asije akahukumiwa kwa sababu ya samaki aliyekula ujanani.

Kipimo kinachotakiwa ni kile cha kuteremsha mpira wenye kamera kwa njia ya koo, ukafika tumboni, na kuchukua vipande vidogo vya nyama ili vikatazamwe na mtaalamu wa darubini. Nchini Uingereza mwongozo wa madaktari unataka mtu wa miaka 55 au zaidi aliyepungua uzito, naye ana maumivu ya tumbo la juu, kiungulia au kuvimbiwa, apelekwe kwenye kipimo hicho kwa haraka. Hatuoni sababu ya mwongozo kama huo kutobandikwa ukutani katika kila kituo cha afya cha visiwa hivi, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na dalili nyingine zisizongoja: kutapika kusikokoma, choo cheusi kama lami, na chakula kukwama kooni.

Hata kipimo hicho nacho kinaweza kudanganywa. Tumesema kuwa ugonjwa huu hutembea ndani ya ukuta. Ngozi ya juu ya tumbo, ile inayotazamana na kamera, huweza kubaki na sura yake, na koleo dogo likang'oa vipande vya juu tu. Jibu likarudi: hakuna saratani. Hapo ndipo ustadi wa mtu unapoipita mashine. Fundi mzoefu huona kuwa tumbo halifunguki anapolipuliza hewa na kwamba mikunjo yake imekakamaa, naye hurudia kuchukua vipande, akichimba pale pale alipochimba mwanzo ili afike chini zaidi. Ikiwa hayupo fundi wa namna hiyo, ipo njia ya kizamani ambayo vijana wa leo wanaidharau: mgonjwa hunyweshwa dawa nyeupe ya bariamu, kisha akapigwa picha za eksirei. Tumbo la kiriba huonekana wazi katika picha hiyo, jembamba na lisilobadilika umbo. Kwa ufupi, cheti kinachosema hakuna saratani, kikiwa mikononi mwa mzee anayezidi kukonda, hakimalizi shauri.

Zipo pia dalili mbili ambazo hazihitaji umeme wala mashine, nazo tunazitaja kwa ajili ya wauguzi wa Makangale na Makunduchi waliopo mbali na hospitali kubwa. Ya kwanza ni tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto, ambayo mabingwa wameijua tangu siku za Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19. Ya pili ni kinundu kigumu kwenye kitovu. Hii imepewa jina la Sista Mary Joseph, mtawa aliyekuwa akimsaidia daktari William Mayo katika upasuaji huko Rochester, Marekani, ambaye aligundua, alipokuwa akiwasafisha wagonjwa kabla ya kupasuliwa, kuwa wenye kinundu hicho huwa maradhi yao yamekwisha kuenea. Ni muuguzi aliyeyaona hayo kwa vidole vyake. Dalili hizi huonyesha ugonjwa uliokwisha kwenda mbali, na ni kweli kuwa kuziona ni kuchelewa. Lakini humwepusha mzee na mwezi mwingine wa vidonge na safari nyingine ya bure.

Na safari kwetu ni neno zito. Mkaazi wa Dar es Salaam akiambiwa arudi baada ya wiki moja hupanda daladala. Mzee wa Pemba hupanda boti kwenda Unguja, na ikibidi huvuka tena kwenda Bara, akiwa na mtu wa kumshika mkono. Mtu huyo ameacha shamba au dau lake, na wote wawili wanahitaji pa kulala na cha kula mjini. Wiki moja ya kungoja majibu ya darubini huwa siku saba za kukaa barazani kwa watu. Ndiyo maana wengi hurudi kwao kabla ya jibu kutoka, na jibu hubaki ndani ya faili. Katika miaka ya karibuni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imejenga hospitali mpya za wilaya Unguja na Pemba, nasi tunaipongeza kwa dhati. Tunachokiomba sasa ni kidogo kuliko majengo. Kipimo cha kamera kiwepo Pemba siku zote, si pale tu wanapokuja madaktari wageni. Awepo mtu aliyefunzwa kukitumia, na naibu wake wa kumshikia anapokwenda likizo. Vipande vya nyama visafiri kwa boti vyenyewe, ndani ya chupa, chini ya dhamana ya hospitali, naye mzee abaki kwake akingojea simu. Daktari dhamana wa wilaya akitaka kujua kama jambo hili linafaa, ahesabu tu faili za wazee waliopimwa na hawakurudi kuchukua majibu.

Ugonjwa ukiwahiwa, tiba yake kubwa ni kuliondoa tumbo lote na kuuunganisha utumbo na umio. Upasuaji huo ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1897 mjini Zurich, kwa mkono wa Carl Schlatter, na leo watu wanaishi miaka mingi bila ya tumbo, wakila kidogo kidogo mara sita kwa siku na kuchomwa sindano za vitamini B12 maisha yao yote. Lakini kwa aina hii wanaowahiwa ni wachache. Mbegu zake hupenda kujipanda kwenye utando unaofunika viungo vya ndani, zikiwa ndogo kama mchanga kiasi cha kutoonekana katika picha, na kwa sababu hiyo wapasuaji waangalifu hutanguliza kuchungulia kwa kamera kupitia tundu dogo kabla ya kumfungua mgonjwa. Mzee wa miaka 76 aliyefunguliwa tumbo lote kisha likafungwa bila ya faida amepotezewa wiki bora katika zile alizobakiwa nazo.

Dawa za kuua seli za saratani nazo huogopwa kwa mzee, na hofu hiyo ina sababu. Lakini utafiti uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2021, juu ya wagonjwa 514 wazee au wadhaifu wenye saratani ya tumbo na ya umio iliyokwisha kuenea, umeleta habari njema. Wengine walipewa kipimo kamili cha dawa, wengine asilimia 80 na wengine asilimia 60. Kile kidogo kabisa kiliuzuia ugonjwa kwa muda ambao haukuwa mfupi kuliko wa kipimo kikubwa, na waliokipata walisumbuka kidogo zaidi. Maana yake ni kuwa mzee asinyimwe dawa kwa sababu ya umri wake, wala asipewe kama kijana wa miaka 30.

Wako pia wale ambao hakuna kisu wala dawa itakayowaponya, na kusema kweli hao ndio wengi. Kwao tuna maneno mawili. La kwanza linawahusu jamaa. Imekuwa desturi yetu kumficha mzee jina la maradhi yake. Watoto hukubaliana na daktari nje ya chumba, kisha huingia ndani wakitabasamu. Tunaijua huruma iliyomo katika desturi hiyo. Lakini mzee wetu ana madeni anayodai na anayodaiwa, ana mikarafuu ambayo mipaka yake anaijua yeye peke yake, ana wasia wa kuandika, ana ndugu waliyenuniana miaka 20 ambaye angependa kumwomba radhi. Mambo haya yanataka siku, na siku hizo ndizo tunazomwibia. Aulizwe kwa adabu, na mtu anayemwamini, kama anataka kujua. Akisema hataki, aachwe. Akisema anataka, aambiwe. Na ikiwa katika ukoo wake wamekufa watu kadhaa kwa ugonjwa wa aina hii, hasa wakiwa vijana, daktari naye aambiwe, kwa kuwa mwaka 1998 watafiti waliochunguza ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand waliona kuwa ipo hitilafu ya kurithi inayousababisha, na wajukuu wanaweza kupimwa mapema.

Neno la pili linawahusu maofisa wanaoagiza dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani tangu mwaka 1986, na nguzo ya mwongozo huo ni mofini ya kunywa. Ni dawa ya maji, ya bei nafuu, ambayo hunywewa kila baada ya saa nne, na mgonjwa hupewa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini huyabisha. Anayeipewa kwa maumivu, kwa kipimo kilichoongezwa polepole chini ya uangalizi, hutuliza maumivu yake. Hageuki mlevi wa dawa, ingawa hofu hiyo ingali inawazuia hata baadhi ya watabibu kuiandika. Sheria inataka dawa hii ifungiwe kabatini na iandikwe katika daftari, na ni haki. Lakini kabati hilo liwepo pia Pemba, na funguo zake asikae nazo mtu mmoja ambaye hayupo usiku, Ijumaa na sikukuu. Mzee aliyechagua kurudi kulala kitandani mwake, karibu na msikiti wake na wajukuu zake, apewe chupa ya kumtosha mpaka boti ijayo, na siku mbili zaidi, kwa kuwa pepo za kusi zikivuma boti hazina ratiba.